Sindano ya Baridi Yabisi: Bima Inaangalia Nini Kabla ya Kukubali?

Daktari amekuandikia sindano ya baridi yabisi au lupasi, na hospitali inakuambia usubiri idhini ya bima. Kabla hujatuma hata shilingi moja, jua idhini hiyo inategemea nini.

Mchango wako. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure, na kunatosha kutibiwa zahanati au kituo cha afya. Lakini kwa matibabu ya hospitali kubwa, lazima mchango uwe umelipwa. Kama huna mshahara, tuseme unalima majani chai au ndizi huko Gesima, unalipa wa mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Piga *147# uangalie kama uko sawa.

Ugonjwa wenyewe. Katika magonjwa haya, kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo na tishu za mwili wenyewe. Sindano kama adalimumabu ni ghali, kwa hivyo kampuni za bima kwa kawaida hutaka kuona:

- Ripoti ya daktari bingwa pamoja na vipimo. Kusema tu magoti yanauma hakutoshi.
- Ushahidi kwamba dawa ya bei nafuu, kama methotreksate, ilijaribiwa na haikusaidia, au ilikudhuru.
- Majibu ya kipimo cha TB na homa ya ini aina ya B. Dawa hizi hupunguza kinga, na TB iliyolala mwilini inaweza kuamka.
- Kipimo cha dawa, na sindano itadungwa kila baada ya muda gani.

Weka karatasi zako zote za zamani, hata za kliniki ndogo. Hizo ndizo zinazoonyesha ulianza na dawa gani.

Pesa yako. Anayetuma ombi la idhini ni hospitali, si wewe. Nauli ya kwenda Kisii na kurudi si kidogo, kwa hivyo piga simu kwanza uulize mambo matatu: idhini imerudi? Ni ya sindano ngapi? Mimi nitaongeza ngapi?

Ukiwa na salio la kulipa, lipa kwa namba ya malipo ya hospitali. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na usifute ujumbe wa malipo. Mtu akikupigia akitaka "kitu kidogo" kwa namba yake binafsi ili idhini itoke haraka, kata simu. Huyo ni tapeli.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha umpelekee daktari. Pengine ni karatasi moja tu iliyokosekana, na ombi linaweza kutumwa tena.