Mashua Hainunuliwi Mara Moja

Ikiwa wewe ni mkazi wa mji wa pwani, yaelekea jambo hili limepata kukupitia mawazoni. Mtu amefanya kazi kiwandani au ofisini kwa miaka 30, mafao yake yamekaribia na watoto wamekua. Hapo ndipo nduguye aliyeko Kunduchi au Bagamoyo anapomletea habari kwamba kuna mashua nzuri inauzwa, yenye mashine, na bei yake haishindi bei ya kiwanja. Mashua hiyo, huambiwa, itawatembeza watoto siku za sikukuu, itapeleka wageni Mbudya, itavua siku nyingine, na haitachukua muda kabla ya kujilipa.

Hatusemi kwamba ndoto hiyo ni mbaya. Watu wa pwani hii wamemiliki vyombo tangu kale, na wako waliosomesha watoto kwa mashua moja. Lakini bei anayotajiwa mnunuzi ni mlango tu wa gharama, nyumba yenyewe iko ndani. Mfanyakazi anayetoa mafao yote kununua mashua, asibakize kitu cha kuitunza, aghalabu huiona mashua hiyo ikioza mchangani mbele ya macho yake.

Wenye mali nyingi huko Ulaya huviita vyombo vyao vya matembezi yoti, neno lenye asili ya Kiholanzi. Mwaka 1660 mji wa Amsterdam ulimzawadia mfalme Charles wa Pili wa Uingereza yoti iliyoitwa Mary, na tangu hapo jina hilo likashikamana na fahari. Hata hivyo, iwe ni yoti yenye vyumba vya kulala au mashua ya mbao iliyoundwa Mafia, maji ya chumvi hayabagui. Wamiliki wa yoti wana desturi ya kukadiria kwamba kila mwaka chombo kitadai kiasi cha sehemu moja ya kumi ya bei yake kwa matunzo, maegesho, bima na vipuri. Hayo ni makadirio tu, na chombo kikuukuu huweza kudai zaidi. Lakini jaribu kuipiga hesabu hiyo kwa mafao yako kabla hujatia mkono mfukoni.

Sasa twende pwani kukitazama chombo. Usiende na fundi wa muuzaji. Tafuta wako na umlipe, hata kama muuzaji atanuna. Fundi mzuri hatavutiwa na rangi mpya. Kwa hakika rangi mpya iliyopakwa wiki ile ile ya kuuza ni jambo la kutiliwa shaka. Atagonga mbao moja moja kwa nyundo ndogo akisikiliza, kwa kuwa mbao nzima hutoa sauti kavu na iliyooza hutoa sauti ya uvivu. Atachoma kwa ncha ya kisu mahali mbao za chini zinapokutana na mkuku, na ndani atatazama mataruma, hasa chini kwenye ngama, ambako maji hutuama na uozo hupenda kuanzia. Atatazama vichwa vya misumari. Penye michirizi ya kutu, ujue chuma kinaliwa na mbao inalegea. Kuna pia mdudu wa baharini atoboaye mbao kwa ndani, ambaye kwa nje huacha vitundu vidogo kama vya sindano. Mbao inaweza kuonekana salama kumbe ndani imebaki maganda.

Baada ya hayo, chombo kitiwe majini na kilale hapo usiku mmoja. Asubuhi pima maji yaliyoingia. Mashua ya mbao iliyokaa mchangani muda mrefu itavuja kidogo kwanza, kisha mbao hulowa, hufura na kuziba. Isiyoziba baada ya siku mbili tatu ina lake jambo.

Kuhusu mashine, wengi hununua kubwa kwa kiburi. Mashine ya kupachika iliyozidi uwezo wa chombo hunywa petroli bila faida na huitikisa mashua mpaka viungo vyake vifunguke. Uliza kwanza kama vipuri vyake vinapatikana mjini, ndipo uulize mbio zake. Linganisha namba iliyopigwa kwenye mashine na iliyo katika stakabadhi ya muuzaji, maana mashine za wizi huuzwa kwa bei nzuri sana. Na ukishaimiliki, kila irudipo kutoka baharini isafishwe ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo inayotenganisha mashine ya miaka kumi na mashine ya miaka miwili.

Hati nazo zina mambo yake. Kupeana mikono chini ya mwembe hakutoshi. Iwepo hati ya mauziano yenye majina, tarehe, bei, maelezo ya chombo na mashine yake, na mashahidi. Kwa Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kurithi shughuli hizo kutoka SUMATRA. Kwa upande wa Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini ya huko. Yafaa kwenda ofisini kuuliza kabla ya kulipa: je, chombo hiki kimesajiliwa, kwa jina la nani, na cheti chake cha ukaguzi kinakwisha lini? Cheti hakidumu milele. Kama mashua itavua, kuna leseni za uvuvi, ya chombo na ya mvuvi, na hizo hukatwa kila mwaka. Kama itabeba watu kwa nauli, masharti huzidi. Na chombo kilichotoka nje ya nchi kiwe na stakabadhi za ushuru wa forodha, la sivyo deni la mwingine litakuangukia wewe.

Wako wanaoona vyeti ni usumbufu wa makarani. Naomba watazame tarakimu moja tu katika cheti, ile ya idadi ya watu. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Mashua ya familia ni ndogo zaidi, na sikukuu ndiyo siku ambayo mjomba, shangazi na watoto wa jirani wote hutaka kupanda kwa pamoja. Hapo mwenye chombo hana budi kuwa mtu mgumu, hata akisemwa mpaka msibani.

Wengi hawawezi kununua peke yao, hivyo huchanga. Si vibaya, lakini nahodha wengi, chombo huenda mrama. Uingereza umiliki wa meli iliyosajiliwa hugawanywa katika hisa 64, na kila mwenye hisa huandikwa. Ninyi si lazima mwe na 64, lakini andikeni: nani ametoa kiasi gani, nani anashika fedha za matengenezo, nani ana neno la mwisho kuhusu safari, na mmoja akifariki fungu lake linakwenda kwa nani. Mke na watoto wajue mahali karatasi hiyo ilipo. Magomvi mengi ya urithi hayaanzi kwa uchoyo bali kwa kukosa maandishi.

Sasa mashua ni yako. Usisubiri ianze kulia. Bamvua inapofika, maji hujaa na kutoka kwa zaidi ya mita 3 katika pwani ya Dar es Salaam, na mafundi wa jadi huutumia mwendo huo. Chombo hupandishwa juu maji yakijaa, na yakitoka hubaki kimekaa mchangani kikiwa tayari kwa kazi. Tumbo lake husuguliwa na kupitishiwa moto wa makuti kuua wadudu, mianya hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha hupakwa deheni. Hakuna gati wala winchi inayohitajika, na fundi mwenye mazoea huimaliza kazi kabla maji hayajarudi.

Mwendeshaji naye asiwe kijana yeyote mwenye nafasi. Ajue kuogelea, ajue miamba na mikondo ya mahali, ajue kusi inavyoamka mchana na kulijaza tanga ambalo asubuhi lilikuwa limelala. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe ila kwa dharura. Kila aliyepanda awe na jaketi la kujiokolea linalomtosha, na la mtoto liwe la mtoto. Chombo kiwe na nanga yenye kamba ya kutosha, kata ya kufulia maji, tochi, filimbi na, fedha zikiruhusu, redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya kuitia msaada ni ya 16.

Na kabla ya kung'oa nanga, nahodha aandike kwenye karatasi majina ya wote waliomo, waendako na saa ya kurudi, kisha aikabidhi kwa mtu anayebaki pwani mwenye simu na mwenye akili ya kutosha kuanza kuulizia saa hiyo ikipita.