Fresha wa Bofu, usikimbilie feri

Ukiitwa chuo kikuu na kwenu ni Bofu, mtaa mzima utajua. Mwenye duka atakuita profesa, muuza mahamri ataanza kukuulizia kazi ya mwanawe, na bimkubwa atatangaza hadi matangani. Wewe mwenyewe, lakini, usiku hulali. Unawaza: nikiingia darasa la watu mia mbili na mhadhiri aninyooshee kidole, nitasema nini?

Hofu hiyo huna peke yako. Yule aliyetoka Kakamega na sanduku lake la bati naye anaogopa. Anaogopa joto, anaogopa hosteli, hata wali wa nazi anauangalia kwa shaka. Ila hana pa kukimbilia. Mhadhara ukiisha, yuko palepale Tudor. Atakula na wenzake, ataazima kalkuleta, atagombania soketi ya kuchaji simu. Kufikia wiki ya tatu ana marafiki, apende asipende.

Wewe una feri.

Ukienda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), ambacho babu mtaani bado anakiita Politekniki ingawa kilipandishwa hadhi mwaka wa 2013, kwa ramani si mbali. Kwa miguu na kwa mfuko ni habari nyingine: tuktuk hadi kivukoni, foleni, feri, kisha matatu ya mjini. Maji yenyewe upana wake ni kama nusu kilomita tu, lakini meli ya kwenda bandarini Kilindini ikitokea, feri husimama kuipisha. Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa mwaka wa 2021, mguu wake mmoja ukiwa Ras Bofu, wengi tulidhani mambo yamekwisha. Hata hilo nalo lilikuwa likiachana katikati meli zipite.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Likoni hujifunza mapema kupiga hesabu. Mhadhara waisha saa nane, nikiondoka sasa hivi nitavuka kabla ya msongamano wa jioni. Ni hesabu ya busara. Pia ni kisingizio kizuri mno kwa mtu mwoga, maana hakuna atakayekuuliza kwa nini hukubaki. Nyumbani watakusifu kwa kurudi mapema.

Shida ni kwamba chuo hakina kengele. Shule ya upili, mwalimu wa zamu angemtuma mtu kwenu. Huku unaweza kupotea wiki sita na asiwepo wa kuuliza. Na mambo ya maana husemwa baada ya mhadhara, pale mlangoni: darasa limehamishwa, CAT imesogezwa Alhamisi, notisi ziko kwa mwakilishi wa darasa. Grupu la WhatsApp litakusaidia, ila lina jumbe mia tatu za utani kwa kila moja ya maana. Katika vyuo vingi nchini CAT hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Ukikosa CAT mbili kwa sababu hukuambiwa, unaingia mtihanini ukiwa na deni. Na alama zako zikipotea, jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vya umma wamelilalamikia miaka nenda miaka rudi, utahitaji karatasi uliyohifadhi na mtu aliyeketi kando yako siku ile. Sasa kama hakuna anayekujua jina?

Kuna suala la Kiingereza. Maisha yako yote umecheka, umegombana na kuomba msamaha kwa Kiswahili. Darasani wenzako wanamwaga kizungu kama maji ya mfereji. Wasikilize vizuri lakini: nusu yake ni ujasiri tu, makosa yamo tele. Huna haja ya kuanza kwa kuinua mkono mbele ya watu mia mbili. Mfuate mhadhiri akiwa anakusanya vitu vyake, muulize swali moja. Wiki ijayo uliza kwenye kikundi cha watu watano. Mkono utainuka wenyewe siku moja.

Utaulizwa pia unatoka wapi. Ukisema Likoni, wako watakaokutazama kwa jicho la taarifa ya habari: vijana wa visu, ghasia za Agosti 1997 walizosimuliwa na wazazi wao. Wewe hata hukuwa umezaliwa. Sema Likoni, uendelee na chakula chako.

Chakula, eeh. Hili watu wengi hawalisemi. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini matatu si bure, na mara nyingi pesa za HELB huingia muhula ukiwa umeshika kasi. Kubaki chuoni hadi jioni na tumbo tupu ni kazi ngumu, na wengi wanaoonekana wana haraka ya kwenda nyumbani wanakimbia njaa, si watu. Beba viazi vya karai kutoka nyumbani, beba chapati na maharagwe ya jana. Huyo wa Kakamega atakuomba kipande, na hapo urafiki umeanza.

Ikiwa woga umegeuka kuwa jambo jingine, huli, hulali, au unatamani usiamke, hilo si la kuvumilia wala la kungoja muhula uishe. Nenda ofisi ya ushauri nasaha chuoni, au mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, leo. Na ukiona muhula umekushinda kweli, andika barua ya kuomba kuahirisha masomo. Aliyeahirisha rasmi ana nafasi yake ya kurudia. Aliyetoweka kimyakimya ana maelezo mengi ya kutoa, na bado mtaani anaitwa profesa.

Kwa walio salama, anza na siku mbili kwa wiki, saa nane hadi saa kumi na moja, maktaba au chini ya mti, popote wenzako walipo. Feri haikuachi, inavuka usiku na mchana. Kama unahofia kutembea peke yako giza likiingia, na ni haki yako kuhofia, tafuta wa kuvuka naye. Yuko. Pengine ni yule msichana wa safu ya nyuma asiyesema na mtu, anayetazama saa kila dakika kumi, na ambaye kila jioni hushukia Shika Adabu. Muulize.