Dawa Kali, Mtindi au Mswaki? Kweli na Uongo Kuhusu Kinywa cha Mgonjwa wa ICU

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini. Ndugu wanaowasindikiza nao wanakuja na yao: ushauri wa Kyela, wa Makete, wa Sumbawanga, wa Iringa. Kama umewahi kuuguza mtu aliyelazwa ICU, bila shaka umeambiwa mengi ukisubiri saa ya kuona wagonjwa. Mengine ni busara tupu, mengine hayana msingi wowote. Tuyachambue yale yanayohusu kinywa cha mgonjwa wa mashine ya kupumulia, maana hapo ndipo watu hukosea zaidi, na kosa lake linafika mpaka kwenye mapafu.

“Nimonia ya ICU inaletwa na baridi ya huku kwetu”

Uongo.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya si ya mchezo, na kumletea mgonjwa blanketi zito ni wema. Lakini nimonia inayompata mtu aliyekaa kwenye mashine zaidi ya saa 48 haiingii kwa upepo wa dirishani. Inatoka kinywani mwake mwenyewe.

Mrija wa kupumulia unapita mdomoni, unavuka koo na kuingia kwenye bomba la hewa. Karibu na ncha yake kuna kiputo kinachojazwa hewa ili kuziba pembeni. Mate na uchafu wa kinywani vinatuama juu ya kile kiputo, kama maji ya mvua kwenye bati lililobonyea, kisha vinapenya kidogo kidogo pembeni kuelekea mapafuni. Mtu mzima angekohoa akavitoa. Huyu amepewa dawa ya usingizi, na mrija umeyaacha wazi malango ambayo kwa kawaida hufungwa na koo. Wazee wetu waliiita kichomi, madaktari wanaiita nimonia ya mashine. Kwa vyovyote vile, wa kulaumiwa ni bakteria.

“Hali kwa mdomo, kwa hiyo mdomo wake haupati uchafu”

Uongo, na huu ndio unaoleta madhara makubwa kuliko yote, kwa sababu ukiuamini hutafanya kitu.

Anayesafisha kinywa chako mchana kutwa ni mate, ulimi unaozungukazunguka, na tendo la kutafuna na kumeza. Kwa mgonjwa wa mashine vyote hivyo vimesimama au vimepungua. Mdomo uko wazi kwa sababu ya mrija, mate yamepungua, midomo imekauka na kupasuka. Ndani ya siku chache tu ukoga unajijenga kwenye meno, na bakteria wa kawaida wa kinywani wanaanza kuwapisha wale sugu wa hospitalini. Chakula kinachopitia mpira wa puani hakibadilishi lolote katika hayo.

“Akishawekwa kwenye mashine, ndiyo basi tena”

Uongo, ingawa hofu yenyewe haikutoka hewani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia kumbukumbu za ICU za hospitali nne kubwa za rufaa nchini: Muhimbili, KCMC, Bugando na hapa Mbeya. Kwa miaka miwili, 2009 na 2010, walilazwa wagonjwa 5,627, wakiwa na mashine au bila mashine. Waliofariki walikuwa asilimia 41.4. Ni wengi, na hakuna sababu ya kuficha. Lakini isome na upande wa pili: karibu sita kati ya kila kumi walitoka wakiwa hai. Kundi kubwa lilikuwa la majeruhi, watu waliokuwa wazima mpaka dakika ile ya ajali. Kwa mtu wa namna hiyo mashine ni daraja la kumvusha siku ngumu. Kinachoweza kulikata daraja hilo katikati ni maambukizi anayoyapata akiwa kitandani, na ndiyo maana nashikilia habari ya kinywa.

“Dawa ikiwa kali ndiyo inalinda”

Uongo kwa wagonjwa wengi wa ICU, kweli kwa kundi moja dogo.

Dawa inayozungumzwa ni klorheksidini, ile ya kusukutulia ambayo ukienda kwa daktari wa meno huenda ulishapewa. Ilitoka katika maabara za kampuni ya ICI, Manchester, ikaanza kutumika Uingereza mwaka 1954. Ni muuaji hodari wa vijidudu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wa upasuaji wa moyo klorheksidini ya asilimia 0.12, na maambukizi ya njia ya hewa yakapungua sana. Habari ikaenea, na ICU nyingi duniani zikaifanya kuwa sheria kwa kila mgonjwa wa mashine.

Shida ni kwamba mgonjwa wa upasuaji wa moyo mara nyingi hukaa na mrija kwa saa chache tu. Aliyegongwa na bodaboda barabara ya Tunduma akavunjika fuvu anaweza kukaa nao wiki mbili. Mwaka 2014 majaribio 16 yenye wagonjwa 3,630 yaliwekwa pamoja na kuhesabiwa upya. Kwa wale wa moyo faida ilibaki palepale. Kwa wengine, ukitazama majaribio ambayo hata watoa huduma hawakujua nani kapewa dawa ya kweli, faida iliyoyoma. Na ikajitokeza dalili ya kutia wasiwasi, kwamba huenda waliopewa dawa walikufa zaidi kidogo. Haikuthibitishwa, lakini iliwatosha madaktari kujiuliza upya. Kuna wanaodhani kwamba dawa ikipenya mapafuni huunguza. Linaloonekana kwa macho ni vidonda: katika ICU za Ulaya zilizotumia klorheksidini ya asilimia 2, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi alipata vidonda mdomoni.

Kisha Toronto, Kanada, ICU sita zikaamua kuiacha hatua kwa hatua na kuimarisha usafi wa kawaida wa kinywa. Matokeo yalitoka 2021, wagonjwa 3,260: vifo havikuongezeka kwa kuiacha, wala havikupungua, na maumivu ya mdomo yakawa machache. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa maambukizi vya Marekani vikaandika wazi katika mwongozo wao: piga mswaki, acha klorheksidini.

Usiende nyumbani ukaimwaga, tafadhali. Kusafishia ngozi kabla ya upasuaji inafaa sana, na daktari wa meno akikuandikia, itumie. Ninachokataa ni imani kwamba kilichofanya kazi mahali fulani kitafanya kazi kila mahali, na ushahidi kwamba si hivyo tunao hapa Tanzania. Dawa hiihii, ikipakwa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, ilipunguza vifo huko Nepal na Bangladesh. Ilipojaribiwa Pemba kwa watoto zaidi ya 36,000, matokeo yakichapishwa 2016, vifo vilikuwa 10.5 kwa kila watoto 1,000 waliopakwa dawa na 11.7 kwa wale ambao kitovu chao kiliachwa kikavu. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Pemba ilifanya vema kupima kwanza.

“Mpe mtindi, bakteria wazuri watawafukuza wabaya”

Kwa mgonjwa wa mashine: haijathibitika, na usijaribu.

Najua hapa nagusa pabaya. Nani wa Rungwe atakubali mtindi usemwe vibaya? Wala siusemi. Maziwa mgando ni chakula bora, na bakteria wanaoyagandisha ni jamii ileile inayofanyiwa utafiti kwa jina la probayotiki. Tanzania ina historia yake katika jambo hili: tangu 2004 akina mama wa Mwanza, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, wametengeneza na kuuza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, ukilengwa hasa kwa afya ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kama unakula mwenyewe, kunywa mtindi wako kwa amani.

Wazo la kuupeleka ICU lina akili ndani yake. Badala ya kuua kila kitu kinywani na kuacha nafasi tupu kwa vijidudu sugu, mbona tusiijaze nafasi hiyo kwa bakteria wasio na madhara? Wasweden walilifanyia kazi. Walianza Lund na wagonjwa 50, matokeo wakayatoa 2008: baada ya usafi, wengine walipakwa kinywani bakteria aitwaye Lactobacillus plantarum 299, wengine klorheksidini. Mwaka 2018 wakachapisha jaribio la ICU tano na wagonjwa 150. Bakteria wabaya wapya walijitokeza sawa pande zote mbili. Yaani probayotiki haikushindwa na dawa kali, ila nayo haikuishinda. Na kwa kuwa tumeshaona dawa yenyewe haina makali tuliyodhani, kutoka nayo sare si sifa kubwa.

Wengine walipitisha probayotiki kinywani na tumboni kwa pamoja. Marekani, 2010, katika jaribio la wagonjwa 146, nimonia ilishuka kutoka asilimia 40 hadi 19. Watu walifurahi, na mimi ningefurahi. Lakini jaribio dogo la hospitali moja ni mwanzo tu. Ndipo likaja kubwa: ICU 44 za Kanada, Marekani na Saudi Arabia, wagonjwa 2,650, matokeo 2021. Waliopewa bakteria wazuri walipata nimonia asilimia 21.9, waliopewa unga usio na kitu, asilimia 21.3. Zaidi ya hayo, wagonjwa 15 wa kundi la probayotiki walikutwa na bakteria huyohuyo akiwa amehamia au kutawala mahali pasipotakiwa, ikiwemo kwenye damu, dhidi ya mmoja tu wa kundi la pili. Mwili wa mgonjwa mahututi una matundu mengi, mipira na sindano za mishipa, na kinga yake imechoka. Mgeni mwema naye anaweza kupotea njia.

Kwa hiyo ile chupa ya mtindi uliyonunua Mwanjelwa, mwachie anayemuuguza. Usijaribu kumdondoshea mgonjwa mdomoni kwa kijiko hata kama umeachwa naye peke yako kitandani.

“Mswaki ni wa mtu mzima, mahututi wa nini?”

Uongo, na mswaki ndio mshindi wetu.

Desemba 2023 ulitoka uchambuzi wa majaribio 15 yaliyolinganisha wagonjwa waliopigwa mswaki hospitalini na wasiopigwa. Nimonia ya hospitalini ilipungua kwa theluthi moja, na vifo ndani ya ICU vikapungua kwa karibu asilimia 19. Faida kubwa ilikuwa kwa wale wa mashine, tena walikaa kwenye mashine siku chache zaidi. Mara mbili kwa siku ilitosha. Mara tatu au nne haikuongeza kitu.

Sababu ni rahisi. Ukoga umejishika kwenye jino, na bakteria wamejificha ndani yake. Dawa ya maji inapita juu. Nywele za mswaki zinaukwangua.

Kazi yenyewe haitaki mashine mpya, inataka mikono iliyofunzwa. Muuguzi anainua kichwa cha kitanda, anahakikisha kiputo kina hewa ya kutosha, anaushika mrija usichomoke. Anachukua mswaki mdogo wa nywele laini na maji safi kidogo, anapita jino kwa jino, ndani na nje, ufizi, kisha ulimi. Mpira wa kunyonya uko pembeni ukivuta kila tone, maana maji yakiteleza kooni tumeharibu tulichokuja kutengeneza. Mwisho anapaka midomo mafuta. Ni dakika chache kwa mgonjwa mmoja, lakini muuguzi mwenye wagonjwa wengi kwa zamu hana dakika za kuchezea. Ukisikia mtu anasema kazi hiyo ni ndogo, mkatalie. Ungenipa fedha ya chupa za dawa kwa mwaka mzima, ningeomba niongezewe muuguzi.

Na hapa babu zetu wapewe haki yao. Waliokuwa wakichokonoa meno kwa kijiti cha msituni, na watu wa Pwani na mti wao wa mswaki, hawakukosea: kinachosafisha ni kusugua. Utafiti wa Sudan wa mwaka 2000 ulikuta fizi za watumiaji wa mti huo si mbaya kuliko za watumiaji wa mswaki wa dukani. Kwa mahututi tunatumia wa dukani kwa sababu moja tu: kijiti kinaacha nyuzi, na yeye hawezi kuzitema.

“Mgonjwa asilazwe chali kabisa”

Kweli, na heko kwa mabibi walioshikilia hivyo kila mara tulipotaka kumnywesha mgonjwa uji akiwa amelala.

Mwaka 1999 huko Barcelona wagonjwa 86 wa mashine waligawanywa. Waliolazwa chali, asilimia 34 walishukiwa kupata nimonia. Walioinuliwa nyuzi 45, asilimia 8. Isipokuwa daktari amekataza kwa sababu ya uti wa mgongo au shinikizo la damu, kitanda kiinuliwe.

“Limau linasafisha kinywa na kuondoa harufu”

Uongo. Tindikali yake inakula meno, na midomo iliyopasuka inawaka moto hata kama mgonjwa hawezi kulia. Asali nayo ibaki nyumbani.

“Ndugu hana kazi ICU zaidi ya kusubiri”

Uongo. Nunua mswaki mdogo, laini, wa mtoto, uandike jina la mgonjwa, umkabidhi muuguzi. Muulize kwa heshima kinywa kinasafishwa saa ngapi. Muuguzi anayejua kazi yake hatachukia swali hilo. Usisugue mwenyewe bila kuelekezwa. Na kama mzee wako ana meno ya bandia au jino linalocheza, waambie siku ileile anapolazwa, kwa sababu likidondoka wakati wa kuweka mrija linaweza kuishia kwenye bomba la hewa.