Mstari mweusi kwenye eksirei ya mwanao si lazima uwe ufa

Mtoto ameanguka kutoka kwenye mparachichi hapo Shirimatunda, mkono umevimba, mmekimbilia Mawenzi au KCMC na eksirei imepigwa. Unaiinua picha kuelekea dirishani na kuona mstari mweusi umekata mfupa karibu na kifundo cha mkono. Moyo unaruka: umevunjika! Kabla daktari hajamwita, shangazi ameshapiga simu kushauri mwende kwa fundi wa mifupa.

Tulia, mzazi. Mara nyingi mstari huo si ufa. Ni gegedu la ukuaji, sehemu laini karibu na ncha ya mfupa ambako mfupa wa mtoto hurefukia. Gegedu halionekani kwenye eksirei, hivyo huacha pengo jeusi. Balehe inapokwisha, pengo hilo huziba. Hata vile vifupa 8 vya kifundo cha mkono, mtoto mchanga kwa kawaida haonyeshi hata kimoja. Hujitokeza kimoja kimoja kadiri anavyokua, na cha mwisho huweza kuonekana akiwa na miaka 10 au zaidi. Ndiyo maana picha ya mtoto husomwa kwa kuzingatia umri wake.

Hata hivyo, usirudi nyumbani ukidhani yote ni shwari. Gegedu lenyewe linaweza kuumia, na picha ya siku ya kwanza isionyeshe kitu. Daktari anaweza kutaka kulinganisha na mkono mzima, au kuwaambia mrudi baada ya siku kama 10. Rudini. Na mkono uliofungwa, kwa plasta au kwa vijiti, ukianza kuuma zaidi, vidole vikawa vya baridi, vikapoteza rangi au kufa ganzi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Bandeji inayobana mno hukata damu na inaweza kumpotezea mtoto mkono.

Rangi zina maana gani?

Tangu Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua mionzi hii mwaka 1895, kanuni ni ile ile: picha ya eksirei ni kivuli. Mahali pa hewa, kama mapafu, mionzi hupita kirahisi na picha huwa nyeusi. Mafuta huwa kijivu kilichokolea, misuli na maji kijivu cha mpauko, mfupa mweupe, na chuma hung'aa kuliko vyote. Kwa hiyo sarafu aliyoimeza mtoto itaonekana wazi, lakini punje ya mahindi au kipande cha plastiki huenda kisionekane kabisa. Mweleze daktari mtoto alichokuwa akichezea, hata kama picha inaonekana safi.

Jambo jingine ni upande. Picha ya kifua husomwa kana kwamba mgonjwa amesimama akikutazama. Moyo wake, ambao sehemu kubwa iko kushoto, utauona upande wako wa kulia. Moyo haujahama.

Kifua cha mtoto mchanga

Wazazi wengi hushtuka kuona kivuli kipana katikati ya kifua cha kichanga na kudhani moyo umetanuka. Mara nyingi hiyo ni tezi ya thaimasi, iliyo mbele ya moyo na inayosaidia kujenga kinga ya mwili. Kwa mtoto ni kubwa, kisha husinyaa kadiri anavyokua.

Somo hili liliwagharimu wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Marekani na kwingineko waliiona tezi hiyo kwa watoto wazima wakaiita ugonjwa. Walikuwa wameizoea kutoka kwenye miili ya watoto waliokufa baada ya kuugua, ambao tezi zao zilikuwa zimesinyaa. Maelfu ya watoto wakachomwa mionzi ili ipungue, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya tezi ya shingo. Asiyejua umbo la kawaida hutibu kisicho ugonjwa.

Vipimo vingine

Ultrasaundi haitumii mionzi bali mawimbi ya sauti, ndiyo maana hutumika kwa wajawazito. Humo maji huwa meusi, na jiwe la nyongo hung'aa likiwa na kivuli nyuma yake. Picha za CT hutumia eksirei kuonyesha mwili vipande vipande, kama ndizi iliyokatwa, kila kipande kikitazamwa kutoka upande wa miguu. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei moja ya kifua, hivyo usiishinikize kama daktari haoni haja.

Ukienda kupiga picha

Sema mapema kama una mimba au unahisi unayo. Beba picha za zamani, kwa sababu kivuli kilichokuwapo miaka mitano bila kubadilika kwa kawaida hakitishi kama kilichoanza mwezi huu. Zihifadhi mahali pakavu, bila kuzikunja.

Kisha muulize daktari maswali matatu: Hapa tunaangalia sehemu gani? Kipi ni cha kawaida kwa umri huu? Kipi si cha kawaida? Mwombe akuonyeshe kwa kidole. Ni haki yako, na ukielewa ulichoonyeshwa utajua kwa nini dawa, plasta au tarehe ya kurudi ni muhimu.