Kisu cha Kwanza: Kazi ya Nyundo, Moto na Saburi

Wazee walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika nchi ya Kericho na Bomet neno hilo lahusu chai pia. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Kisu kikali hukata tawi mara moja, na kidonda chake huwa laini. Lakini kisu butu huchana gamba, na penye gamba lililochanika ukungu unaoozesha mti hupata mlango. Basi kujua kufua kisu si mchezo, bali ni jambo linaloweza kuongeza au kupunguza mapato ya nyumba.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wahunzi peke yao. Kwa Wakipsigis na Wanandi mhunzi huitwa kitongindet, na A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapwa mwaka 1909, alieleza kwamba wahunzi wa huko walikuwa wa asili ya Wamasai wa Uasin Gishu. Siku hizi mafundi wa jua kali hufua vyuma vikuukuu vya magari, na kijana yeyote mwenye bidii aweza kujifunza.

KUCHAGUA CHUMA

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kuokota chuma chochote. Msumari mkubwa na nondo ya kujengea hufulika kwa urahisi, lakini mara nyingi havishiki makali. Chuma kifaacho ni kipande cha springi ya lori, kwa kuwa hicho ni feleji, nacho hukubali kukazwa kwa moto. Bati na bomba vilivyopakwa zinki visitiwe motoni kamwe, maana moshi wake ni sumu.

Kisu cha kwanza kiwe kifupi, chenye ubapa ulionyooka wa inchi nne hivi. Kisu cha kupogolea kina mkunjo, nacho chataka mkono uliokwisha zoea.

Kabla ya yote, springi hutiwa katika moto wa makaa hata iwe nyekundu, kisha hufukiwa katika jivu mpaka asubuhi. Hapo hulainika, ikakubali msumeno na tupa. Mwanafunzi huipasha tena moto na kuifua juu ya fuawe ingali nyekundu. Wekundu ukiisha, nyundo na isimame, kwa kuwa chuma kilichopoa kikipigwa huweza kupasuka. Umbo likipatikana, tupa humaliza kazi, na matundu ya mpini hutobolewa wakati huo huo. Ukingo wa makali usifanywe mwembamba upesi, bali uachwe na unene kama wa sarafu, usije ukapinda au kupasuka.

MOTO MARA MBILI

Hapa ndipo kisu huzaliwa au hufa. Ubapa hupashwa moto polepole, na sumaku hushikizwa mara kwa mara. Sumaku ikikataa kuuvuta, huongezwa moto kidogo tu, kisha kisu huzamishwa wima katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa joto. Springi ikitiwa katika maji baridi huweza kupasuka papo hapo. Mafuta nayo huweza kuwaka; kwa hiyo chombo kiwe cha chuma, na mfuniko wake uwe karibu.

Kisu kikitoka, tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Mwanafunzi hufurahi, akadhani kazi imekwisha. La! Chuma cha namna hiyo ni kigumu mno, na kikianguka juu ya jiwe huweza kukatika kama kigae. Kikikatika mkononi mwa mtu, kipande chake chaweza kumtoa jicho.

Kwa hiyo lazima moto wa pili, ulio mdogo. Ubapa husuguliwa hata ung'ae, kisha mgongo wake huwekwa juu ya chuma kinene kilichopashwa moto. Rangi huanza kutambaa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Rangi ya nyasi kavu ikifika ukingoni, kisu huondolewa mara moja na kupozwa. Wekundu mkali ukirudi, ugumu wote umepotea, na kazi huanza tena tangu moto wa kwanza.

MPINI NA MAKALI

Mpini mwema hutoka katika mti mgumu uliokauka, kama mzeituni wa mwituni, nao hukazwa kwa misumari iliyopigiliwa pande zote mbili. Mwisho ni kinoo na maji, taratibu, ili makali yasipate joto tena.

Kisu hicho cha kwanza huenda kisiwe cha kupendeza. Mgongo utakuwa na alama za nyundo, na mpini labda utapinda kidogo. Hayo si aibu. Na kijaribiwe kwa kukata tawi kavu, kisha makali yatazamwe juani: yakipinda, chuma kilikuwa laini, yakimegeka, moto wa pili haukutosha, yakisimama, mwanafunzi amekwisha pata msingi wa kazi. Baada ya visu kadhaa kama hicho, na ajaribu kisu cha kupogolea, chenye mkunjo wake, naye atakipeleka shambani pasipo hofu.