Jambia la Mjerumani: Tazama kichwa cha mpini kabla ya kutoa fedha za korosho

FEDHA ya korosho ikishaingia mkononi, wenye maneno matamu nao hawakosi. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, mmoja atakuja na rupia za Mjerumani, mwingine na jambia lenye nanga, akidai ni la ofisa wa manowari na kwamba Ulaya kuna mzungu analisubiri.

Maneno hayo yana chembe ya ukweli. Manowari Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915, nao wakaendelea kupigana nchi kavu. Nahodha wao, Max Looff, aliongoza vikosi upande wa Lindi hadi alipotekwa Novemba 1917. Kabla ya hapo, Machi 1916, meli Marie ilipenya ulinzi wa Waingereza na kutia nanga Ghuba ya Sudi, kaskazini ya Mikindani. Silaha na risasi zake zilisafirishwa bara kwa vichwa vya wapagazi.

Kwa hiyo jambia la kweli linaweza kupatikana. Lakini lilivaliwa na maofisa tu, nao walikuwa wachache. Askari wa kawaida alibeba singe, na hicho ndicho chuma ambacho mkulima ana nafasi kubwa zaidi ya kukigonga kwa jembe. Mwisho wa mpini wa singe una mfereji wa kuipachika kwenye bunduki. Jambia la jeshi la majini halina mfereji huo, na bapa lake ni jembamba, lina makali pande zote mbili.

Mnunuzi aanze kichwani. Jambia la wakati wa Kaisari, la muundo wa mwaka 1901, lina taji juu ya mpini mweupe uliozungushiwa waya, na katikati ya kikingio cha mkono kuna nanga iliyozongwa na kamba. Likiwa na tai aliyeshika msalaba wa Kinazi, hadithi ya Königsberg imekufa hapo hapo: muundo huo ulitoka mwaka 1938, Wajerumani wakiwa wameshaondoka Tanganyika kama watawala miaka 20 nyuma. Muuzaji atasema liliachwa na babu yake aliyekuwa mpagazi. Babu hakuweza kuachiwa kitu ambacho hakijatengenezwa.

Neno Solingen kwenye shina la bapa lisimtulize mtu. Ni mji wa Ujerumani ulikotengenezwa visu hivyo, lakini wanaoghushi nao wanaujua. Chuma kilichokaa ardhini au karibu na chumvi ya bahari miaka zaidi ya 100 hakiwezi kung'aa kama kilichotoka dukani jana. Na aliye nacho cha kweli asikipige msasa. Wakusanyaji hulipia ngozi ya uzee, na kinachosafishwa kwa nguvu hupoteza thamani.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawautaji. Majambia mengi ya Kaisari yalikuwa na mpini wa pembe ya ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hapa nchini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayemiliki nyara awe na kibali. Yaani kadiri jambia linavyokuwa la kweli, ndivyo linavyoweza kumfikisha mwenyewe mahakamani.

Kibiashara, hesabu ni ngumu. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima wa Mtwara amezoea bei inayotajwa mnadani mbele ya wengi. Jambia halina mnada wa namna hiyo kijijini. Bei anaijua muuzaji peke yake, mteja yuko ng'ambo, na gharama ya kuthibitisha, kuomba vibali na kusafirisha inamwangukia aliyekwisha kulipa. Akikosea, hana pa kulirudisha.

Anayekiokota shambani yuko katika hali nyingine, kwa kuwa hajatoa senti. Asikivunje wala kukipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaopima kwa kilo. Aweke alama mahali alipokiona, kisha atoe taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya au Idara ya Mambo ya Kale, ambayo husimamia sheria ya mwaka 1964 kuhusu vitu hivyo. Kama alichogonga kinafanana na kombora au risasi kubwa, asikiguse kabisa; aite polisi.