Matawi ya Programu: Kujaribu Mabadiliko katika Simu Pasipo Kuharibu Kazi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kurekebisha programu aliyoiandika katika simu yake, pasipo kuiharibu ile inayofanya kazi. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Hata hivyo, wako wanachuo wanaojiandikia programu fupi za kujumlisha alama, kupata wastani na kupanga nafasi. Programu ya namna hiyo ikikosea, hasara humwangukia mtoto ambaye taarifa yake hupelekwa nyumbani.

Mmoja wetu alipata fundisho hilo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Jioni ya kuamkia siku ya kukabidhi alama, aliifungua programu yake akafuta mistari michache ili aitengeneze vizuri zaidi. Usiku ukaingia, programu ikakataa kwenda, na mistari ya zamani hakuikumbuka tena. Ilimbidi akeshe akikokotoa wastani wa darasa zima kwa kalamu. Alikusudia jambo jema, ila alilijaribia juu ya nakala pekee aliyokuwa nayo.

1. Maana ya tawi

Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi. Ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, ambacho huandikwa na watu wengi walioko nchi mbalimbali. Katika simu za Android yaweza kutumiwa ndani ya Termux, programu itupayo dirisha la kuandikia amri. Ikishawekwa, haihitaji intaneti kwa kazi tunayoieleza hapa.

Kila tunapoiamuru, Git huweka kumbukumbu ya kazi jinsi ilivyo wakati ule. Kumbukumbu hizo hufuatana kama shanga katika uzi. Tawi ni jina linaloelekeza kwenye kumbukumbu ya mwisho ya mfuatano mmoja. Tukifungua tawi jipya na kufanya kazi humo, jina la tawi jipya husogea mbele, na la zamani husimama pale pale lilipokuwa. Wengine hudhani kuwa tawi ni nakala nyingine ya folda nzima, wakaogopa kuijaza simu. Sivyo. Kwa kawaida tawi jipya ni mstari mmoja wa herufi na tarakimu 40, yaani namba ya kumbukumbu linayoielekea.

2. Mfano wa alama

Tuchukue programu iitwayo wastani.py. Mtoto amepata 60, 70 na 80 katika mitihani mitatu, na wa nne hakuufanya kwa kuwa aliugua. Programu humpa sifuri kwa mtihani huo: 210 kugawanya kwa 4 ni 52.5. Sasa twataka kujaribu kanuni nyingine, ya kugawanya kwa idadi ya mitihani aliyoifanya: 210 kugawanya kwa 3 ni 70. Tofauti ni alama 17.5, nayo yaweza kubadili kabisa nafasi ya mtoto darasani. Hapana budi badiliko kama hili lipimwe kwanza.

3. Hatua za kufuata

(a) Kuweka msingi. Tukiwa ndani ya folda ya kazi, twaandika:

git init
git add wastani.py
git commit -m "Programu inayofanya kazi"
git branch -m kuu

Mara ya kwanza Git hudai jina na anwani ya barua pepe ya mwandishi. Hizo huwekwa kwa amri ya git config. Amri ya mwisho hapo juu yalipa tawi letu la kwanza jina la kuu.

(b) Kufungua tawi la jaribio:

git switch -c jaribio

(c) Kubadili na kupima. Kabla ya kuiendesha programu, tutunge wanafunzi watatu wa kubuni: mmoja aliyefanya mitihani yote, wa pili aliyekosa mmoja, na wa tatu aliyekosa yote. Tukokotoe majibu yao kwa mkono, kisha ndipo tuandike python wastani.py na kulinganisha. Wawili wa kwanza watakubaliana na karatasi. Kwa wa tatu programu itasimama ghafla, kwa maana imeambiwa igawanye kwa sifuri. Kosa hili lisingeonekana kama tungalijaribu kwa wale waliohudhuria tu, nalo limetokea mahali lisipomdhuru mtu.

(d) Kurudi kwenye tawi kuu. Huenda mwalimu mkuu akazitaka alama wakati huo huo, ilhali jaribio halijamalizika. Twaandika:

git commit -am "Haijakamilika"
git switch kuu

Papo hapo wastani.py huwa kama ilivyokuwa mwanzo, na alama hutolewa kwa kanuni iliyozoeleka shuleni.

(e) Kuunganisha au kutupa. Tukirudi kwenye jaribio, twarekebisha ili mtoto wa tatu aandikiwe "Hakupimwa", kisha twapima upya na kuweka kumbukumbu. Kanuni ya alama si ya mwenye simu peke yake. Yafaa majibu ya matawi yote mawili yapelekwe mbele ya kikao cha walimu. Kikao kikikubali:

git switch kuu
git merge jaribio

Kikikataa, twabaki katika kuu na kuandika git branch -D jaribio. Tuangalie herufi hiyo: d ndogo hukataa kufuta tawi ambalo halijaunganishwa, lakini D kubwa hufuta bila kuuliza.

4. Tahadhari

Kwanza, mabadiliko ambayo hayajawekewa kumbukumbu si mali ya tawi lolote. Tukihama nayo, Git ama huyachukua hadi tawi la pili ama hukataa kuhama. Yatupasa kuweka kumbukumbu kwanza. Pili, matawi yote yamo ndani ya simu moja. Simu ikipotea, au Termux ikiondolewa na kazi imo ndani yake, yote hupotea pamoja. Nakala iwekwe mahali pengine. Tatu, majina na alama za watoto wa kweli zisiingizwe katika kumbukumbu, kwani hata faili likifutwa baadaye, yaliyokwisha wekwa hubaki katika historia ya kazi.

5. Kuwaeleza wengine

Somo hili laweza kufundishwa ubaoni bila simu. Chora duara mbili zilizounganishwa kwa mstari. Andika "kuu" na "jaribio" katika vipande viwili vya karatasi, uvibandike vyote penye duara la mwisho. Ongeza duara la tatu na la nne, ukisogeza karatasi ya "jaribio" peke yake. Waulize wanafunzi: karatasi ipi imesogea, na ipi imebaki? Kisha isogeze "kuu" hadi ilipo "jaribio". Huko ndiko kuunganisha kwa mfano wetu.

Zoezi: Mwanachuo aandike programu fupi ya wastani, aiharibu kwa makusudi katika tawi la jaribio, kisha aonyeshe mbele ya wenzake kwamba tawi kuu bado latoa majibu sahihi.